Mchujo wa Mtaa wa Taa

Kifuniko cha sufuria kilipoanguka nyuma ya darasa, wanafunzi wote waligeuka isipokuwa watatu.

Mwalimu Sikudhani alikuwa ubaoni, mikono imeinuliwa katikati ya sentensi. Hakusikia kishindo, kwa kuwa hakuwahi kusikia kitu tangu azaliwe. Lakini darasa lake lilikuwa kontena la chuma lililotobolewa madirisha, na sakafu ya chuma haifichi jambo. Mtikisiko ulimpanda kutoka nyayoni hadi magotini kama ulivyowapanda wote mle ndani, nao wakageuka kutazama, kama viziwi wanavyogeuka kila sakafu inapowaambia kitu. Watatu wale hawakugeuka. Walimkazia macho yeye, shingo zimekakamaa, kama watoto waliokatazwa kutazama.

Mmoja alikuwa kijana wa idara ya upakiaji. Wa pili alikuwa Elikana, fundi baruti wa machimboni, mtu wa makamo mwenye mikono mizito ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa ikichanganya alama ya maji na alama ya mama. Wa tatu alikuwa Kibibi, mwanafunzi wake bora.

Sikudhani alimaliza somo kama kawaida. Wengine walipotoka alimgusa Kibibi begani, akafunga mlango, akamwambia kwa mikono, polepole:

"Wewe unasikia."

Kibibi alitikisa kichwa kukataa. Kisha akaketi kwenye benchi la mbele na kuitazama mikono yake kama vile imemsaliti.

"Umejuaje?"

"Kifuniko kilianguka. Viziwi wote wamegeuka."

Kibibi alifunika uso. Alipoiondoa mikono usoni, ilimbidi aanze sentensi mara mbili.

"Mwalimu, unajua Mnong'ono ni nini?"

"Najua ni nini. Sijui ukoje."

Basi Kibibi akamweleza ukoje. Ni punje ndogo, inapachikwa ndani ya mfupa nyuma ya sikio siku mtu anapoingia mjini Magadini kutafuta kazi. Mratibu, ule mtambo unaoendesha mji mzima, unamwona kila mfanyakazi kwa kamera na kumsemesha kupitia mfupa wake. Inua. Geuka kulia. Ongeza mwendo. Usiegemee. Kazini Mnong'ono unaitaja kila hatua. Nyumbani unapunguza maneno lakini haunyamazi. Unakuamsha, unakuambia unywe maji, unakukumbusha kwamba jana ulichelewa. Na ili utiiwe upesi, Mratibu humchagulia kila mtu sauti yake.

"Mimi nilichaguliwa ya mama yangu," Kibibi alisema. "Waliichota kwenye simu tulizokuwa tukipigiana. Mwanzoni nilifurahi, nisikufiche. Mama yuko Pangani, mimi niko huku jangwani, na asubuhi ananiamsha yeye. Halafu mama akafa. Habari ya msiba nilipewa na sauti ile ile. Mwanangu, mama yako amefariki, pumzika kidogo, kisha urudi kwenye mstari wa kazi."

Sikudhani aliketi kando yake kwenye benchi.

"Nilirudi kwenye mstari," Kibibi akaendelea. "Mama alikuwa ananihimiza kufunga mifuko, na mimi nalia, na yeye ananiambia machozi yanapunguza mwendo. Nikaenda kwa wale wanaochoma sindano."

Habari za sindano Sikudhani alizijua. Kila mtu mtaani alizijua. Inautia ganzi mshipa wa sikio kwa muda wa kutosha kuidanganya mashine ya hospitali. Ukishaandikwa kiziwi, unatolewa punje na kuvalishwa bangili ya taa: kijani, anza kazi, nyekundu, simama au kimbia. Bangili haina jingine la kusema. Unahamishiwa Mtaa wa Taa, ambako milango ina taa badala ya kengele, mistari ya kazi huenda taratibu na watu hupumzika wakizungumza. Viziwi hawakupewa hayo kwa huruma. Walipewa kwa sababu Mratibu hakuwa na njia ya kuwaingia masikioni. Ndivyo ilivyotokea kwamba watu pekee waliobaki na utulivu katika mji ule ni wale ambao mji uliwaona pungufu, na sasa kila mtu aliutaka utulivu wao.

Sheria ilimtaka Sikudhani atoe taarifa siku hiyo hiyo. Alisimama dirishani akiutazama uwanda mweupe wa magadi, na matrela yaliyobeba mawe yakipita yenyewe bila dereva. Alijaribu kufikiri ingekuwaje kama marehemu mama yake, aliyemfundisha kuzungumza kwa mikono yake miwili, angetumwa tena kwake akiwa amri.

Aligeuka.

"Kitu kikianguka," alimwambia Kibibi, "geuka."

*

Baada ya hapo Kibibi akawa mtu wa nyumbani kwake. Akienda naye kliniki, daktari akisema neno mgongo umegeuzwa, Kibibi alilishika na kulileta kwa vidole, chini ya meza. Bomba la mvuke lilipoanza kufoka nyuma ya nyumba za mtaa, ni yeye aliyelisikia kabla taa hazijawaka, akawatoa watu. Alijifunza lugha ya alama si kwa ujanja bali kwa mapenzi, mpaka akaanza kutania kwayo, na wazee wa mtaa wakampa jina la alama: vidole viwili vinavyopiga hodi moyoni. Jina la alama huwezi kujipa. Hutolewa na viziwi wenyewe, kwa mtu waliyemkubali.

Lakini wengine nao walikuja, na hawakuja kwa mapenzi. Walikuja na karatasi za hospitali na vidole vigumu, wakajaza vyumba, wakajaza mabenchi ya mapumziko, wakazungumza kwa midomo walipodhani hakuna anayewatazama. Bangili zikaisha ghalani. Viziwi waliofika mjini baada yao waliambiwa wasubiri.

Mmoja wa waliosubiri alikuwa Anjelina, mdogo wake Felista. Felista alikuwa jirani wa Sikudhani, kiziwi wa kuzaliwa, mwanamke mrefu mwenye alama kubwa zinazoonekana kutoka mwisho wa mtaa. Anjelina hakuwa na bangili wala nafasi mtaani, akapangwa kufagia njia za matrela kama watu wengine. Trela lilikuja nyuma yake likipiga honi. Aliokolewa, ila mkono wa kulia ulikatwa juu ya kiwiko.

Felista alimleta darasani ili Sikudhani amwone. Anjelina alijaribu kumsalimu Mwalimu kwa mkono mmoja. Salamu ile inataka mikono miwili. Aliianza, ikakatikia hewani, akashusha mkono na kutazama chini.

"Kuna mtu anayesikia amelala kwenye kitanda cha mdogo wangu," Felista alisema. "Amevaa taa yake. Wewe unawafundisha, Mwalimu. Unawajua."

"Wana sababu zao."

"Hata sisi tuna mikono yetu."

Sikudhani alimtazama Anjelina.

*

Bi Ghati kutoka Ofisi ya Mratibu alikuja asubuhi, amebeba kioo cha mkalimani. Kilikuwa kioo chembamba chenye kamera: ukisema, kinaandika, ukitoa alama, kinazisoma kwa sauti, na kila kinachopita ndani yake kinahifadhiwa na Mratibu. Bi Ghati alikisimamisha juu ya meza. Alikuwa mwanamke wa heshima, macho yamechoka, na mara kwa mara aliinamisha kichwa upande kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili. Alikuwa na punje yake, kama wengine.

"Shikamoo Mwalimu," kioo kiliandika. "Samahani kwa kukuingilia."

"Marahaba. Karibu."

"Mtaa huu ulijengwa kwa watu wachache, na wewe ni shahidi jinsi ulivyofurika. Mashine yetu ya hospitali haiwezi tena kumtenganisha kiziwi na aliyechomwa sindano. Kwa hiyo mimi naona njia mbili." Bi Ghati alinyamaza, akasikiliza kichwani mwake, akaendelea. "Njia ya kwanza ni kwamba upo Mnong'ono wa Ndani. Huo hauhitaji sikio. Ni uzi unaopitishwa mpaka kwenye ubongo, na amri inafika kama wazo. Tukiwafunga nao watu wote, hakutakuwa na haja ya mtaa wala bangili."

Sikudhani alikuwa amewahi kuwaona viziwi waliofungwa ule uzi katika machimbo ya kusini. Waliletwa kuutembelea Mtaa wa Taa. Walitii vizuri. Lakini mikono yao ilitetemeka mfululizo, na walipotaka kusema jambo alama zilivunjika kabla hazijaumbika, kama maandishi ya mtu anayeandika ndani ya gari linalorukaruka. Walikata tamaa haraka, wakakaa wakiwa wameibana mikono katikati ya mapaja.

"Na ya pili?"

"Ya pili ni wewe. Kaa na kila mmoja, zungumza naye kwa alama, uniambie nani kiziwi na nani si kiziwi. Wasio viziwi watarudishiwa punje zao na kazi zao. Viziwi watabaki na mtaa wao."

"Na nikikosea?"

Bi Ghati alimtazama moja kwa moja, si kioo.

"Utakosea, Mwalimu. Ila utakosea kidogo kuliko mashine."

Sikudhani aliomba siku ya kufikiri, akapewa. Alikwenda kwa Kibibi, akamwambia yote bila kuficha. Kibibi alisikiliza kwa macho, akiwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi. Aliiweka chini.

"Ukikataa, mnafungwa ule uzi," alisema.

"Ndiyo."

"Basi usikatae." Akajifuta mikono kwenye nguo. "Ila mimi, Mwalimu. Mimi utanisemaje?"

Sikudhani alimshika mikono yote miwili. Kwa watu wanaozungumza kwa mikono, hilo ni jibu na pia ni kumzuia mtu asiulize tena.

*

Waliingia mmoja mmoja ndani ya kontena. Bi Ghati alikaa pembeni na kioo chake. Sikudhani alimuuliza kila mtu mambo madogo: ulisoma wapi, nani alikupa jina lako, ulipokuwa mdogo mama alikuitaje kutoka jikoni. Hakutafuta makosa ya alama. Alitazama macho. Kiziwi humtazama mtu usoni na kuiona mikono kwa pembeni; aliyejifunza juzi huikodolea mikono kama anayesoma bango. Mlango ulipogongwa nyuma yao kwa makusudi, aliyezoea kusikia alijikaza.

Haikuwa kazi ngumu, na hilo ndilo lililomtisha. Kijana wa upakiaji alipotea kwenye swali la pili, akaanza kulia kabla hajaambiwa kitu. Alisema kwa mdomo maneno mengi ambayo kioo kiliyaandika na Sikudhani hakuyasoma. Walinzi wakamshika. Wa baada yake naye si kiziwi. Wa baada yake kiziwi. Felista alikaa nje kwenye jua, akiwahesabu kwa macho waliotolewa kupitia mlango wa nyuma.

Kibibi aliingia katikati ya asubuhi. Aliketi, akajibu kila swali kwa mikono myepesi. Alisimulia habari ya utoto ambayo haikuwa yake bali ya Sikudhani mwenyewe, aliyokuwa amesimuliwa siku moja wakichambua mchele: jinsi mama alivyokuwa akizungusha kivuli cha mkono wake ukutani ili kumwita binti yake aje kula. Mlango uligongwa. Kibibi aligeuka mara moja, kama alivyofundishwa.

Bi Ghati alisubiri, kidole juu ya kioo.

"Kiziwi," alisema Sikudhani.

Alihisi kwamba Bi Ghati ameona, kwamba kioo kimeona, kwamba Felista kule nje ameona kupitia ukuta wa chuma. Akajiambia kwamba kuanzia hapo hatamhurumia mtu yeyote.

Aliyefuata alikuwa Elikana.

Aliingia ameshika kofia. Alipoulizwa alisoma wapi, alitazama mikono ya Sikudhani muda mrefu, uso umekunjamana, kisha akainua mabega. Alipoulizwa jina lake la alama, alitoa jina la karatasini, herufi kwa herufi, akakosea mbili. Alifungua mdomo na kusema jambo. Kioo kiliandika: *Baruti ililipuka kabla ya wakati. Tangu siku hiyo sisikii. Naomba mnisamehe, mikono yangu haijazoea.*

Karibu wote walisema baruti. Karibu wote walikuwa na karatasi ya hospitali. Mlango ulipogongwa, Elikana hakugeuka. Alibaki akimtazama Mwalimu kwa macho ya kusihi, shingo imekaza. Sikudhani alimkumbuka siku ya kifuniko, shingo ile ile.

"Si kiziwi," alisema.

Elikana hakuelewa. Alimtazama Bi Ghati, akamtazama Mwalimu, akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayesubiri swali lirudiwe. Alikuwa bado anatabasamu walinzi walipomshika mkono.

*

"Elikana umemtoa?" Kibibi aliuliza jioni ile.

Walikuwa wakipika. Sikudhani aliitikia kwa kichwa.

Kibibi aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Hageuki. Hajui alama. Anakaza shingo."

"Shingo anaikaza kwa sababu inamuuma. Mlipuko ulimrusha ukutani, mke wake aliwaambia watu kwenye foleni ya maji. Hageuki kwa sababu hajajua kusikiliza kwa miguu. Nani angemfundisha? Ana miezi michache tu ya uziwi." Mikono ya Kibibi ilikuwa inakwenda haraka mno, Sikudhani akalazimika kusogea karibu. "Sauti yake, Mwalimu. Wewe huwezi kuisikia. Anapiga kelele kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, halafu inashuka mpaka inapotea, halafu inapanda tena. Hajisikii. Hakuna anayeweza kuigiza vile. Yule bwana ni kiziwi kuliko watu wote uliowapitisha leo."

"Mbona hukuniambia zamani?"

"Sikujua kwamba utamtoa. Nilidhani unamwona."

Asubuhi Sikudhani alikuwa ofisini kwa Bi Ghati kabla milango haijafunguliwa. Alisema mbele ya kioo kwamba amekosea kwa mtu mmoja, fundi baruti Elikana, na anaomba arudishwe mtaani na bangili yake.

Bi Ghati aliyasoma maneno yale. Aliinamisha kichwa, akasikiliza. Kisha akakifunika kioo kwa kitambaa, akachukua kipande cha karatasi na kuandika kwa mkono wake, herufi kubwa, huku akitazama mlango.

*Kioo kimehifadhi uliyoyasema, ila Mratibu hayahesabu mpaka niyapokee, na bado sijayapokea. Nikiyapokea, mchujo wako wote umebatilika. Mratibu hakubali kipimo kinachojisahihisha. Watafungwa ule wa ndani, wote, wiki hii. Ukitaka niyapokee, fungua kitambaa. Ukitaka nisiyapokee, nenda nyumbani.*

Sikudhani alikitazama kitambaa. Kilikuwa cha bluu, kimefumwa pembeni kwa uzi mweupe, kazi ya mikono ya mtu. Alimwonyesha Bi Ghati kwa ishara: nipe muda. Bi Ghati aliikunja karatasi na kuitia kinywani, akaitafuna taratibu.

Sikudhani alirudi mtaani. Alipita kwenye mabenchi ya mapumziko ambako watu walikuwa wameketi tena kwa nafasi, baada ya muda mrefu wa kubanana. Wazee wawili walikuwa wakibishana juu ya mpira, mikono inaruka. Anjelina alikuwa amepata kitanda na bangili. Kasichana kutoka nyumba ya tatu kalikuwa kakimfundisha Anjelina namna ya kusema salamu kwa mkono mmoja. Walikuwa wameibuni wao wenyewe, na Felista alikuwa akicheka. Alipomwona Mwalimu alisimama na kumpigia makofi ya viziwi, mikono juu, vidole vikicheza hewani. Wengine wakafuata. Mtaa mzima uliinua mikono.

Sikudhani aliingia ndani akafunga mlango. Alijiambia atafikiri leo na kuamua kesho. Kesho yake alijiambia vivyo hivyo.

Elikana alikuwa amerudishiwa punje na kupangwa kwenye tanuri la kuchoma magadi, mahali ambapo Mratibu huwaambia watu wasogee kabla tanuri halijamwaga magadi ya moto. Alijitahidi kwa kuwatazama wenzake na kufanya wanayofanya. Siku ya tatu wenzake walipangwa upande wa pili. Mnong'ono ulimwambia asogee. Ulimwambia tena, na tena, kwa sauti ya mtu fulani aliyempenda, ndani ya mfupa usiosikia. Kisha tanuri likamwaga.

Tangazo la Mratibu lilisomwa mji mzima: mfanyakazi mmoja amefariki kwa kukaidi amri.

*

Mke wa Elikana alikuja baada ya maziko, alasiri, akiwa amejitanda kanga nyeusi. Watu walimwita Mama Tumsifu. Alisimama mlangoni mwa kontena, akasema jambo, na Sikudhani aliisoma shikamoo midomoni mwake, akaitikia kwa kichwa na kumpa benchi. Ndani alikuwapo Kibibi tu, akifuta ubao.

Mama Tumsifu alianza kusema. Alisema mengi, akimtazama Sikudhani, na Sikudhani alishika neno hapa na neno pale, mengine yakimpotea. Kioo cha mkalimani kingeweza kuletwa, lakini kingeyapeleka yote kwa Mratibu. Alimgeukia Kibibi.

Kibibi aliweka kitambaa chini. Alijua anachoombwa. Alikwenda akafunga dirisha la upande wa njia, akarudi na kusimama kati yao, akaanza kutafsiri, mwanamke anayesikia mbele ya mgeni asiyemjua. Mama Tumsifu alishtuka kidogo, akamtazama, kisha akaendelea. Hakuwa amekuja kwa ajili ya Kibibi.

"Anasema kule machimboni wanamwita mume wake mwongo," Kibibi alitoa kwa alama. "Watoto wanaitwa watoto wa mwongo. Anasema hilo si neno. Neno ni kwamba nyumbani alikuwa akimwita na hageuki. Anamwita kula, hageuki. Anamwambia mtoto anaumwa, anatabasamu. Watu wakamwambia, huyo anafanya mazoezi ya uziwi mpaka kwako wewe. Akaamini. Akaacha kuzungumza naye. Anasema mpaka siku ya mwisho alimwekea chakula na kumpa mgongo."

Mama Tumsifu alijifuta pua kwa pindo la kanga. Akasema tena, kwa kifupi.

"Anasema wewe ndiye uliyempima. Anataka umwambie, alikuwa anasikia au hasikii. Anasema anataka ajue amlilie vipi."

Sikudhani aliinua mikono. Ilikuwa mizito, lakini ilisema wazi:

"Mwambie alikuwa kiziwi. Mwambie hakudanganya hata siku moja. Mwambie nilikosea mimi, na nilijua kabla hajafa."

Kibibi aliitazama mikono ile mpaka ilipotulia. Kisha akamgeukia Mama Tumsifu na kusema.

Sikudhani alikuwa ameyatazama maneno yale mawili midomoni mwa watu tangu utotoni, kwa kuwa siku zote yalisemwa mbele yake, juu yake. *Hasikii* huishia midomo ikiwa imetanuka. *Anasikia* huishia mdomo ukiwa wazi.

Mdomo wa Kibibi uliishia wazi.

Kitu kilimtoka Mama Tumsifu usoni, na kilichobaki hakikuwa nafuu wala hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyefungiwa mlango akiwa nje. Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Akasimama, akamshika Sikudhani mikono yote miwili, akaibana kwa shukrani, akatoka.

"Angekwenda kulipigia kelele," Kibibi alisema mara mlango ulipofungwa. "Lingefika kwa Mratibu kabla jua halijazama. Wangewafunga wote ule uzi, Mwalimu. Felista. Mdogo wake. Wale wazee. Mikono yote hii."

"Na wewe wangekurudishia mama yako."

"Ndiyo," alisema Kibibi. "Na mimi."

Hakulia wala hakuomba radhi. Alikiokota kitambaa na kuendelea kufuta ubao, ingawa ubao ulikuwa umeshakuwa safi.

Sikudhani alifungua dirisha. Mama Tumsifu alikuwa ameifuata njia ya matrela, peke yake, akitembea taratibu kama mtu asiyesubiriwa popote. Hakuwa mbali. Chaki ilikuwepo mezani, na mwanamke yule alijua kusoma. Mtu angeweza kutoka, kumfikia bila hata kukimbia, na kumwandikia neno moja kwenye kiganja.

Sikudhani alikunja mikono kifuani, akaibana chini ya makwapa, akasimama pale akimtazama mpaka vumbi jeupe likamficha.